Mmatumbi Aliyetoza Mistari Mitupu

Mara ya kwanza Zabibu kuingia kwenye kibanda cha Mudathiri, nyuma ya stendi ya Kibiti, alitoka amekasirika. Kwa mtu anayeishi kwa kununua na kuuza, kukasirika dukani kwa mwenzio ni kumpa bei aitakayo. Zabibu alilijua hilo tangu akiuza maandazi kwenye kituo cha malori, kabla hajawa wakala wa kambamiti wa delta nzima ya kaskazini. Lakini siku hiyo alijisahau.

Alikuwa amepeleka karatasi yake ya safari ichapwe kwenye kompyuta. Ilikuwa orodha ya madago, yale makambi ya wavuvi kule kwenye mikoko: jina la dago, idadi ya masanduku ya barafu litakaloshushiwa, na hapa na pale maneno ya tahadhari. Mudathiri alitoza kwa mstari. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulianza alipohesabu.

"Hapa pameandikwa nini?" Zabibu aliuliza, akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Hapajaandikwa kitu."

"Na umenitoza."

"Nimekutoza nafasi, mama. Kidole changu hakijui kama kinabonyeza neno au kinabonyeza hewa. Kinachoka vilevile."

"Miye silipi hewa, Mmatumbi weye."

Mudathiri akanyanyua uso kutoka kwenye kioo cha kompyuta, meno yote nje. "Kumbe Mndengereko! Ungesema mapema, mtani wangu, nikutoze na hiyo unayovuta humu ndani."

Hapo ugomvi ukawa umekosa haki ya kuwa ugomvi. Wao wawili walikuwa watani kwa kabila, na mtani hakasirikiwi. Akikutukana, unamrudishia. Akishika kitu chako, humpeleki kwa mwenyekiti. Unakigomboa kwa jogoo au kipande cha kanga, watu wanacheka, mnakula pamoja. Zabibu akabaki na hasira yake mkononi, hana pa kuiweka.

"Basi ondoa hiyo hewa yako," alisema.

"Naondoa," Mudathiri akajibu, na akaiondoa yote, mstari kwa mstari. Karatasi ikawa fupi, malipo yakawa mafupi, Zabibu akaondoka akijiona ameshinda.

Ushindi huo ulifika mpaka kwenye matope ya Mkandaa. Shaabani, nahodha wa mashua yake, alitoka dago la Zingwe, akaendelea moja kwa moja maji yakipwa, na mashua ikakaa juu ya tope mchana kutwa kama kuku anayeatamia.

"Hukuona kuwa maji yanatoka?" Zabibu alimuuliza aliporudi.

"Niliona."

"Sasa?"

"Kwenye karatasi zako za mkono, baada ya Zingwe kulikuwa na pengo. Nikiona pengo nafunga kamba, nangoja maji. Safari hii sikuona pengo."

"Huna macho weye?"

"Si wewe uliyesema nisifuate macho yangu, nifuate karatasi?"

Ni kweli alisema. Shaabani alikuwa na wakwe katika kila dago, na kabla ya karatasi alikuwa anatia nanga popote paliponukia wali wa nazi. Ndipo Zabibu akamwekea sheria: akifika dago asome karatasi yote kwa sauti, mbele ya wavuvi, neno kwa neno, ili kila mmoja ajue barafu yake ni kiasi gani na asiweze kupunguza sanduku la huyu kumpa shemeji. Kisha afanye kama ilivyoandikwa, asiongeze, asipunguze. Shaabani aliishika sheria hiyo kwa namna ya mtu aliyeonewa: kikamilifu.

Zabibu akarudi nyuma ya stendi. "Nipe hewa yangu," alisema.

"Imepanda bei," alisema Mudathiri.

Alilipa. Na tangu siku ile hakukuwa na mtu mwingine aliyechapa karatasi zake.

Huyu Mudathiri alishuka kutoka milima ya Umatumbi akiwa juu ya lori la machungwa ya baba yake, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu aliyekuwa na gunia la kitu akajiita mfanyabiashara. Machungwa yaliisha, yeye akabaki Kibiti. Alianza na redio. Watu walisema redio ikitoka kwake inapona, ila inarudi na tabia mpya: moja ya jirani yake ilikuwa haizimiki mpaka uipige kofi, na yeye aliapa kuwa ndivyo ilivyotengenezwa kiwandani. Mradi mmoja wa barabara ulipofunga kambi na kunadi mali zake, wenzake waligombea magodoro na matairi. Yeye alinunua kompyuta ambayo hakuna aliyejua kama inawaka, pamoja na kitabu kinene cha Kiingereza kilichoeleza jinsi ya kuitungia programu. Kitabu alikisoma kwa kiburi, maana aliwaambia watu amekwishakielewa kabla hajafika ukurasa wa tatu, ikabidi akielewe kweli. Kwa jenereta la kukodi na printa inayolia kama mbuzi, alichapa barua za maombi, kadi za harusi, na karatasi za Zabibu.

Karatasi za Zabibu alizihifadhi kwenye faili moja ndani ya kompyuta. Kila dago lilikuwa na mistari yake: jina, kisha masanduku. Maneno ya tahadhari aliyaanzia kwa alama ya reli, ile # inayofanana na njia ya treni. Mistari mitupu ilikaa pale pale mashua ilipotakiwa kungoja maji. Kila safari idadi ya masanduku ilibadilika kufuatana na kilo zilizovuliwa safari iliyotangulia, na Mudathiri alizibadili namba moja moja kwa mkono, huku akiongea, akinywa chai na akitoza.

Aliyechoka hakuwa Zabibu peke yake. Bwana Shabir, mwenye lori, mwenye barafu, na ndiye aliyepeleka kambamiti kiwandani Dar es Salaam, alikuwa anangoja karatasi hiyo kila safari huku barafu yake inamlilia ndani ya lori. Akanunua kompyuta yake, akaiweka dukani kati ya mabati na sukari. Mpwa wake, Kavita, aliyekuwa anasomea mambo hayo mjini, akamwandikia programu. Unaitia kilo, unabonyeza, yenyewe inafungua nakala ya faili la Mudathiri, iliyoletwa kwa flopi, inabadili masanduku ya madago yote, inatoa karatasi. Kungoja kukaisha, chai ikaisha, na Mudathiri akaisha.

"Bi Zabibu," Shabir alisema, amefurahi, "sasa yule fundi wako atatoza mistari ya nani?"

Zabibu naye alifurahi. Alichukua karatasi mpya, nyeupe, imenyooka, akampa Shaabani.

Barafu ilirudi maji. Kambamiti walirudi na harufu iliyotangulia mashua kufika gatini. Kiwanda kilikataa mzigo wote, na lori la Shabir lilioshwa kwa sabuni na ndimu likaendelea kunuka.

Walikutana dukani, Shabir nyuma ya meza, Kavita kando yake na karatasi mbili, ya kilo zilizovuliwa na ya safari. Msichana alikuwa amekuja kwa basi la asubuhi, amechukia.

"Mjomba, nimekagua dago kwa dago. Banduka, sahihi. Chani, sahihi. Mkandaa, sahihi. Zingwe, sahihi. Hakuna sanduku hata moja lililokosewa."

"Banduka ndiyo ya kwanza?" Zabibu aliuliza taratibu.

"Ya kwanza kwa alfabeti."

"Zingwe ya mwisho?"

"Ina zedi."

Zabibu akashika kichwa. Zingwe ilikuwa ya kwanza siku zote kwa sababu mlango wake unaingilika maji yakijaa tu, na maji hujaa mwanzo wa safari. Hayo yalikuwa yameandikwa kwenye mstari wenye alama ya reli: ingia maji yakijaa, usibishane. Mstari huo haukuwapo. Hata ile mistari mitupu ya kungojea haikuwapo. Shaabani alikuwa amekwenda kwa alfabeti, bila kungoja popote, akisoma kwa sauti.

"Mistari ya reli na mitupu niliitupa kwa sababu kompyuta haiisomi," Kavita alisema. "Programu inasoma faili lote, inapanga kila kitu ndani kwa utaratibu wake, kisha inaliandika upya. Maneno ya reli ni ya watu. Kwa mashine hayana maana."

"Mwanangu, mashua haiendeshwi na mashine," Zabibu alisema. "Inaendeshwa na Shaabani."

Shabir hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifunga daftari lake, akalifungua tena. "Bi Zabibu, mimi sitaki kujua nani kakosea. Kiwanda kimenipa safari moja. Mzigo ukioza tena wananiacha. Na kabla hawajaniacha mimi, mimi nitakuwa nimekuacha wewe. Abdulatifu wa Dimani amekuja hapa mara mbili kuuomba uwakala."

"Na faili la zamani?"

Kavita akainamisha macho. "Programu iliandika juu yake."

Kwa hiyo nakala ya faili iliyobaki, yenye kila dago mahali pake na kila pengo mahali pake, ilikuwa sehemu moja tu duniani. Zabibu alitembea mpaka nyuma ya stendi akijitahidi kutembea kama mtu anayepita tu.

Mudathiri alikuwa ameketi nje, anamenya chungwa. "Naskia mtani umeanzisha biashara ya mbolea," alisema.

"Nimekuja kukununua, usinichekeshe."

"Ah, mimi si wa kununuliwa. Mimi nauzwa."

Zabibu alikuwa amejiandaa kwa fedha, hata kiwango chake cha juu kabisa alikuwa amekifungia kwenye ncha ya kanga. Mudathiri hakuzitaka. Alitaka sanduku moja. Kila safari ya mashua, sanduku moja lenye barafu liwe lake, atie ndani anachotaka, bila nauli, bila swali, msimu mzima.

"Nusu sanduku," Zabibu alisema.

"Nusu sanduku ni sanduku bovu."

"Safari moja kwa mbili."

"Mtani, unanuka."

Walipatana sanduku moja kila safari. Lakini Zabibu hakuwa wa kutoka kwenye mapatano mikono mitupu. Alimpeleka Mudathiri mpaka dukani kwa Shabir, akamsimamisha mbele ya meza, akatoa sharti lake.

"Programu atakayotengeneza ibadili namba tu. Isiguse mpangilio, isiguse pengo, isiguse maneno ya reli. Na kuanzia leo hakuna mstari utakaofutwa kwenye faili hilo, na mashine wala na mtu, mpaka miye na huyu tukubaliane mbele yako."

"Lirudie hilo la mwisho," Mudathiri alisema, "Bwana Shabir alisikie vizuri."

Zabibu akalirudia. Baadaye alikumbuka kuwa Mudathiri alikuwa mpole mno pale, na mpole mno si sura yake.

Programu aliileta pamoja na faili la zamani kwenye flopi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni wa chumvi. Kavita akamtazama akiiendesha, mikono kifuani.

"Yako inasoma faili lote kisha inatupa la zamani," Mudathiri alimweleza. "Yangu ni mvivu kama mimi. Inatembea mstari kwa mstari. Ikikuta kitu isichokijua, inakipitisha kilivyo. Ikifika penye masanduku, inabandua namba, inabandika namba, inaondoka."

"Na namba ikiwa kumi badala ya tisa? Safu zitasogea."

Mudathiri akaichomoa flopi kwenye kompyuta. Halikuwa swali alilolitarajia. Akarudi kibandani, akakaa huko mpaka alasiri, akarejea na flopi ile ile na uso uliopungua maringo.

"Inakula nafasi moja kabla ya namba," alisema. "Swali zuri."

"Najua ni zuri," Kavita alisema. Kisha akaijaribu kwa njia yake. Akaipa namba zile zile zilizokuwamo na kuitaka ibadili kila dago. Faili lililotoka aliliweka kando ya lililoingia, akayalinganisha herufi kwa herufi kwenye kompyuta. Hakukuwa na tofauti. Akabadili Mkandaa peke yake. Ikatokea tofauti moja, Mkandaa. Shabir, aliyekuwa haelewi chochote ila kupima kinachoingia na kinachotoka, alielewa hilo mara moja, akaagiza soda.

Safari ile Shaabani aliichukua karatasi moja kwa moja dukani, na barafu ilifika Chani ingali inakata vidole. Kambamiti walirudi wagumu, wanang'aa, kiwanda kikapokea mzigo wote, na Abdulatifu wa Dimani akaenda zake na salamu zake.

Zabibu alikuwa gatini anahesabu uwakala wake kichwani wakati Shaabani aliposhuka, anajizuia kucheka.

"Una nini?"

"Sina kitu. Nimesoma tu kama ulivyoamuru. Kwa sauti."

Akampa karatasi. Zingwe, masanduku, ingia maji yakijaa, usibishane. Chini yake, kwa alama ya reli, palikuwa na mstari ambao Zabibu hakuwahi kuuandika: "Mwenye barafu hii ni Mndengereko. Akilala anakoroma mpaka mashua inarudi nyuma, wavuvi mvumilieni." Mkandaa: "Amekuja kwa Mmatumbi akilia. Machozi yake ndiyo haya mnayoyaona yameganda." Chani, mwisho kabisa: "Anayetaka maneno haya yafutwe alete jogoo. Mwekundu."

"Ulisoma yote haya?"

"Mara mbili. Chani waliomba nirudie."

Alikwenda nyuma ya stendi kwa hatua ndefu. Mudathiri alimsubiri amekaa, kiti cha pili kimeshafutwa vumbi.

"Futa."

"Siwezi. Ni amri yako. Hakuna mstari utakaofutwa mpaka wawili tukubaliane. Na mimi nitakubali nikimwona jogoo."

"Nitafuta mwenyewe."

"Mbele ya Bwana Shabir? Neno lako?"

Neno lake mbele ya Shabir ndilo lililompa barafu kabla ya kulipia. Zabibu akakaa kwenye kile kiti. Jogoo si kitu, angempa hata wawili. Lakini habari ya jogoo huyo ingeimbwa Kibiti nzima mpaka Umwe. Akanyanyuka, akasema kuku wake wote wanataga, akaondoka.

Njiani ndipo wazo lilipomjia. Sharti lilikataza kufuta. Halikusema neno juu ya kuongeza.

Kavita alikuwa bado dukani kwa mjomba wake. Zabibu akamwinamia. "Mwanangu, ile alama ya reli iko wapi hapa?"

Msichana akaangalia mlangoni, kisha akamwonyesha. Alikuwa na lake moyoni tangu siku ya zedi. "Unataka kuandika nini, mama?"

Zabibu akaandika kwa kidole kimoja, chini kabisa ya faili, chini ya Chani: "Sanduku la Mudathiri lijazwe la mwisho, kwa barafu itakayobaki."

Programu ya Mudathiri, yenye adabu isiyo na mfano, iliupitisha mstari huo ulivyo. Safari ile na iliyofuata na ile nyingine, kila namba ilibadilika, mstari haukuguswa. Shaabani aliusoma kwa sauti na kuutii. Barafu iliyobaki ilikuwa ya kunawia uso. Kambamiti wa Mudathiri, aliowanunua kimyakimya kule Chani akitaka kuwapeleka hotelini mjini, walifika wamelegea, akawauza stendi kwa bei ya dagaa.

Aliingia dukani kwa Shabir, akaomba afunguliwe faili. Akasoma mpaka chini. Akacheka, lakini kicheko kilitoka upande mmoja.

"Mtani, ondoa wako, niondoe wangu."

Zabibu alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari. Juma moja kabla, angekubali bila kuvuta pumzi. Lakini jana yake Shaabani alimpa habari. Abdulatifu alikuwa amekwenda Zingwe na mashua yake na barafu yake, akatoa bei iliyozidi ya Zabibu. Wavuvi wakamuuliza karatasi yake inasema nini. Akawaambia yeye hana karatasi, ana fedha. Wakamwambia basi angoje, kwanza wasikie ya Mmatumbi. Mashua ya Zabibu ilipotokea, watoto walikuwa wameshapanda mikoko kuitazama, na mzigo wa Zingwe wote ukaingia humo.

"Siondoi," Zabibu alisema.

"Nani kakuroga?"

"Na wako usiondoe. Ila umechakaa. Chani wameshaukariri. Andika mingine."

Mudathiri akakaa juu ya gunia la pili. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko alivyoonekana. "Kwa mstari?"

"Kwa mstari."

"Na mitupu?"

Shabir akageuza uso kwenye mabati ili asicheke mbele ya wateja.

"Na mitupu," Zabibu alisema, kama mtu anayetema mbegu.

Hivyo ndivyo mwanamke aliyekataa kulipa hewa alivyomaliza msimu ule akilipa matusi yake mwenyewe, kila safari mapya, kwa bei ya reja reja. Uwakala alibaki nao, na kambamiti wa Zingwe na Mkandaa hawakupita mkono mwingine. Jina alilipoteza: kule mikokoni hata aliyemzidi umri akamwita Bibi Koroma, na alipokwenda mazikoni Salale walimpokea kwa kukoroma. Kavita aliichukua programu ile mjini, akaitengeneza vizuri zaidi, na kwenye mstari wa kwanza akaandika jina la Mudathiri, kwa alama ya reli, mashine isisome. Jogoo hakutolewa.

Mudathiri naye sanduku lake liliendelea kujazwa mwisho. Aliacha kununua kambamiti. Safari moja Zabibu alikwenda gatini mashua ikipakia, akalikuta sanduku hilo limejaa machungwa ya Umatumbi, yamepangwa mpaka juu. Machungwa hayahitaji barafu, na kule madagoni hakuna mchungwa hata mmoja. Yalikuwa yanakwenda bila nauli, bila swali, kama walivyopatana, na yalikuwa yanauzwa bei ambayo Zabibu alipoisikia alijilaumu kwa kutouliza mapema.

Siku ya kufunga msimu alikwenda kulipa nyuma ya stendi. Mudathiri akahesabu mistari, yenye maneno na isiyo na maneno. Zabibu akalipa yote, hakubishana. Kisha akanyoosha mkono kwenye tenga lililokuwa mlangoni, akachagua chungwa, akachagua la pili lililo kubwa zaidi, akaanza kuondoka.

"Na hayo?" Mudathiri aliita.

"Hewa," alisema Zabibu, wala hakugeuka.